Mbegu ya Mtindi

Jumapili, 3 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu naishia "eeh" na "aah" mpaka salio linakwisha, na hapo sijasema kitu. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Mwalimu wa baiolojia ametupa kazi ya kujichagulia, nami nimechagua bakteria wa tumboni. Nimesoma maktaba kwamba wako wengi kuliko watu wote duniani, na kwamba tumbo na ubongo hupelekeana habari. Bakteria wakiharibika, hata furaha ya mtu inaweza kuharibika. Ni kweli? Wewe unashinda maabara ukipima maziwa, kwa hiyo viumbe hawa ni jirani zako.

Nauliza pia kwa ajili ya Dada. Tangu ajifungue kwa upasuaji mwishoni mwa Januari nakaa kwake, naenda shule nikitokea hapa. Kidonda chake kilitunga usaha. Walimpa antibiotiki, kisha nyingine, kisha za tatu, vile vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu njano. Kidonda kimepona ila mwenyewe hajapona. Halali hata mtoto akilala. Anatazama ukuta kama anatazama sinema. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, naona kama niko nyuma ya kioo, na nyie wote mko upande wa pili." Nilicheka nikidhani ni utani. Kicheko kile sijakisamehe.

Na sasa mtoto hayupo. Amechukuliwa na wifi ya Dada, yule dada wa shemeji anayekaa mtaa wa pili, anayetengeneza mtindi nyumbani na kuuza. Mtaa mzima humwita Mama Mtindi. Nitakueleza siku nyingine, leo mkono unatetemeka.

Maswali yangu ni haya. Je, antibiotiki huua na bakteria wazuri? Na wale bakteria wanaogandisha mtindi, ni kitu gani hasa kinawaua?

Mwanao,
Miwani
(ukurasa 2/2)


Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu Miwani,

Marahaba. Barua yako imefika na nambari chini ya kila ukurasa, 1/2, 2/2, kama karatasi ya mtihani. Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimepata mchumba.

Ndiyo, antibiotiki haichagui. Ni kama mtu anayepuliza dawa ya mbu akaua na nyuki. Kuhusu tumbo na furaha, watafiti wameona mambo kwa panya, na kwa baadhi ya akina mama waliojifungua, lakini elimu hiyo bado ni changa. Usiapie. Huenda dawa zimechangia na huenda hazikuchangia. Kuna kukosa usingizi, kuna kidonda, kuna upweke wa mume dereva wa lori anayeonekana mara moja kwa mwezi. Kilicho hakika ni kwamba ugonjwa huu upo, una dawa, na haumaanishi mtu ni mama mbaya. Mpeleke kliniki. Maneno ya kioo mwambie nesi vilevile alivyoyasema, usiyapambe.

Bakteria wa mtindi ni wapole. Wape maziwa ya uvuguvugu na blanketi, watafanya kazi bila kudai mshahara. Lakini antibiotiki kidogo tu inawamaliza. Mfugaji akimdunga ng'ombe sindano, asingoje siku alizoambiwa, akauza maziwa, mtindi haugandi. Unafunua sufuria asubuhi, maziwa yanakutazama vilevile ulivyoyaacha. Mimi hapa kazi yangu ni kuyakamata maziwa ya namna hiyo. Liandike hilo, mwalimu wako atapenda.

Lakini mbona umenirukia jambo kubwa? Mtoto yuko kwa wifi kwa nini? Dada yako aliridhia?

Mama yako mdogo


Jumapili, 17 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Hakuridhia. Sasa mkono umetulia, naweza kuandika.

Dada alikuwa anaoga. Mama Mtindi aliingia bila hodi, na mkoba mtupu. Akaufungua, akatia nguo za mtoto moja moja, akambeba. Dada alitoka bafuni na taulo, povu bado shingoni. Mama Mtindi akamwambia, "Wewe mwezi mzima huna hata tabasamu, utamlea nani? Mama gani huyu wa kutazama ukuta? Akili ikikurudia, nitumie salamu." Mtoto alilia mlangoni, na kwa kile kilio maziwa yalimtoka Dada yakalowesha taulo, akabaki amesimama vile vile. Nami nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nina miaka kumi na sita, mama mdogo, nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote mtaa huu, na mdomo wangu haukufunguka.

Jambo moja silielewi. Shemeji akipiga simu kutoka safarini humwambia Dada, "Asante, mke wangu, umefanya busara." Dada hujibu "sawa" na kukata.

Wameitisha kikao cha ukoo Jumamosi tarehe 6 Aprili, shemeji akirudi. Baba mkubwa wake ndiye atakayeamua kama mtoto alelewe kwa Mama Mtindi moja kwa moja.

Dada nimempeleka kliniki. Nilishindwa kusema, nikampa nesi maneno ya kioo kwenye karatasi. Alisoma, akafunga mlango, akakaa na Dada saa nzima. Amempa vidonge na siku ya kurudi. Amemwambia aendelee kukamua maziwa yasikauke.

Kazi yangu ya baiolojia nimemaliza. Jaribio limefaulu kabisa. Mtindi wa mtu fulani umegoma kuganda, na mbegu yake imekufa. Mbegu ni kile kikombe anachobakiza kila siku ili kugandishia maziwa ya kesho. Aliirithi kwa mama yake. Hujisifu kwamba ina miaka mingi kuliko ndoa zote za mtaani. Ilikuwa nayo.

Mwanao,
Miwani
(ukurasa 3/3)


Ijumaa, 22 Machi

Miwani,

Jumanne nimepokea chupa ya maziwa iliyotumwa kwa basi pamoja na fomu. Mtumaji: mtengeneza mtindi. Mtaa: mtaa wenu. Malalamiko: hayagandi.

Nitakwambia kitu ambacho mtu mzima hapaswi kumwambia mtoto. Nilipoiona fomu ile nilicheka. Nilikumbuka taulo, nikasema moyoni, na ajue kunyang'anywa. Nilipima nikiwa bado natabasamu. Dawa imo, tena nyingi kuliko ambayo ng'ombe yeyote angeitoa kiweleni.

Hapo tabasamu likaniisha. Mwanangu, kuna watu ambao dawa ile ikigusa ulimi, koo linafunga. Angeionja mtu wa aina hiyo je? Je, Mama Mtindi angechovya kidole akamlambisha mtoto?

Nimeandika kwenye ripoti "antibiotiki ipo", nikatia sahihi. Ni kweli, lakini si kweli yote, na sijapata kuona aibu ya namna hii kazini.

Vidonge vya dada yako vya rangi mbili vilibaki vingapi? Usinijibu kwa mwandiko mzuri. Nijibu ukweli.

Mama yako mdogo


Jumanne, 26 Machi

Mama mdogo,

Vilibaki vitatu. Sasa hakuna hata kimoja.

Kila nikitoka shule Mama Mtindi huniruhusu nusu saa nimwone mtoto, maana namfulia na nepi. Siku ile alikwenda kumhudumia mteja mlangoni. Sufuria ilikuwa mezani imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Nilifungua vidonge viwili nikamimina unga, nikakoroga kwa mwiko wake. Cha tatu nikakitia kwenye kikombe cha mbegu. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Nilisema kimoyomoyo: dawa iliyommaliza Dada, na ikumalize na wewe.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba sijuti, nimefuta. Suala la koo kufunga sikulifikiria. Sasa kila nikimwona mtoto naangalia kwanza midomo yake.

Na liko jingine. Mama Mtindi amepita mtaa mzima na ripoti yako, nyumba hadi nyumba. Anasema mwenye kosa ni mama wa ng'ombe, yule mama mwenye ng'ombe watatu anayemuuzia maziwa. "Anadunga leo, anakamua leo!" Wateja wote kumi na moja wa mama wa ng'ombe wamemwacha. Jana nilimkuta anamwaga maziwa mtaroni. Akaniona, akasema, "Karibu, mwanangu, hata mtaro leo umepata chai ya maziwa." Alicheka mwenyewe. Nilikimbia.

Sasa sikia. Jana nikisafisha friji nimekuta, nyuma kabisa, chupa ya mtindi wa Mama Mtindi. Aliileta wiki ya pili baada ya Dada kujifungua, kabla hajageuka. Dada hakuifungua, alikuwa hali kitu. Unaelewa? Ni mbegu ile ile. Ndiyo pekee iliyobaki duniani, na iko kwetu! Amejaribu kuomba mtindi kwa wengine, wateja wanasema si ule. Nitakwenda nayo kwenye kikao. Nitaishika juu ya sinki nimwambie: mtoto, au namwaga.

Miwani
(ukurasa 3/3)


Jumamosi, 30 Machi

Miwani,

Chupa ile si yako. Alipewa dada yako. Mkabidhi, mwambie ni nini, kisha uondoe mkono.

Mama wa ng'ombe hakumchukua mtoto wa mtu. Kabla ya kikao, andika kwa jina lako kwa Mama Mtindi ulichokifanya. Unaogopa kusema, sawa, kuandika huogopi. Andika na alichokifanya yeye pia. Sikuombi umpende.

Mimi nimemwambia mkuu wangu wa maabara kwamba mtumaji ni mtu wa familia na ninajua dawa ilikotoka. Amenitoa kwenye meza ya maziwa mpaka uchunguzi uishe. Usilie. Nimejitakia.

Mama yako mdogo


Jumanne, 2 Aprili

Kwa Mama Mtindi,

Shikamoo. Mama wa ng'ombe hana kosa. Dawa niliitia mimi, tarehe 14 Machi, ulipokwenda mlangoni. Vidonge viwili kwenye sufuria, kimoja kwenye mbegu. Mama mdogo wangu, aliyepima, hakujua. Dada hakujua.

Namwomba msamaha mama wa ng'ombe. Namwomba msamaha mtoto, na yeyote ambaye angedhurika. Wewe nakuomba msamaha kwa hatari, maana ungeweza kuumia. Kwa mtindi wako sijafika huko. Nikifika nitakuandikia tena.

Unajua kwa nini nilifanya. Tarehe 27 Februari uliingia Dada akiwa anaoga. Hukumwomba mtoto, hakukupa. Ulimchukua na mkoba uliokuja nao mtupu. Alitoka na povu shingoni. Mtoto alilia mlangoni, na maziwa ya mama yake yakamwagika kwenye taulo, wewe ukaona, ukaondoka. Tangu siku hiyo Dada hukamua maziwa mara nne kwa siku na kuyamwaga. Wewe umemwaga sufuria moja, na umeitangaza mtaa mzima.

Dada si mwendawazimu wala si mvivu wa mapenzi. Anaumwa, anatibiwa, na nesi ameandika hivyo. Ningekuwa na mdomo ningeyasema siku ile. Leo ndiyo nayasema.

Miwani
(ukurasa 4/4)


Jumatano, 3 Aprili

Wewe mtoto,

Barua yako imepita chini ya mlango kama mende, na nimeiokota.

Nilijua. Nilikuta kipande cha ganda la kidonge, jekundu na njano, pembeni ya kikombe, sikutaka kuamini. Nilikupa nusu saa kila siku na mtoto, ukanilipa hivyo. Mama yangu alinipa mbegu ile akiwa kitandani, siku nne kabla hajafa. Nimewalisha wadogo zangu kwa mtindi ule, na huyo shemeji yako alikwenda shule kwa mtindi ule. Hukuua bakteria, umeua mkono wa mama yangu.

Kwa hiyo usijichoshe kuomba msamaha nusu nusu. Jumamosi nitasimama mbele ya ukoo wote na kuisoma barua yako kwa sauti. Waone nyumba ambako mnataka mtoto arudishwe. Mama anatazama ukuta, mdogo wake anatia sumu. Nione baba mkubwa atasemaje.

Mama Mtindi


Jumatatu, 8 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Ni mimi, siyo Miwani. Ameketi karibu yangu anajifanya anasoma. Nimeandika barua hii kwa siku mbili maana nachoka upesi, lakini nataka uisikie kutoka kwangu.

Kikao kilikaa sebuleni kwa wifi. Alisimama akasoma barua kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Vidonge, sufuria, mbegu. Watu waliguna. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka miwani ikaanguka sakafuni, hakuiokota. Wifi akamaliza, "Ningekuwa na mdomo ningeyasema siku ile," akaikunja. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Huko ndiko mtoto aende?"

Baba mkubwa akanyoosha mkono. "Lete niione."

"Ya nini, baba? Si nimesoma."

"Lete, mwanangu. Macho yangu yana wivu."

Akazipokea karatasi, akazihesabu kwa kidole kilicholoweshwa mate. Akarudia. Kisha akasema, "Huyu binti ameandika chini: moja ya nne, mbili ya nne, nne ya nne. Ya tatu imekwenda kujisaidia?"

Mama mdogo, ungeona sebule ile. Wifi akasema pengine mtoto mwenyewe alisahau. Baba mkubwa akamtazama Miwani. "Unaweza kusahau ukurasa?" Na mdogo wangu, aliyeshindwa kusema na nesi, akasema bila kuinua kichwa, "Sijawahi."

Ukurasa ulikuwa mfukoni mwa gauni la wifi. Mume wangu ndiye aliyeusoma. Mkoba mtupu. Povu. Taulo. Alipofika kwenye maziwa mara nne kwa siku alisimama, akamgeukia dada yake. "Uliniambia amekupa kwa hiari yake. Uliniambia alisema, 'Nisaidie wifi, nimechoka naye.'" Kisha akanigeukia mimi. "Nikakushukuru kwenye simu, nawe ukasema sawa. Mbona ulisema sawa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilidhani wote mmekubaliana kuwa mimi si mama, nami nilikuwa nimeanza kukubali.

Sikungoja baba mkubwa aamue. Nilisimama nikaenda chumba cha pili, nikamchukua mwanangu kitandani. Sikubeba mkoba. Nguo zake wataleta.

Msidhani nimepona kwa sababu hiyo. Asubuhi bado ni nzito, kioo bado kipo, ila siku nyingine kinakuwa chembamba. Nesi anasema kitachukua muda. Nimemuuliza kuhusu bakteria wa Miwani, akasema nile vizuri na nisiache vidonge vyake nikingojea wasomi wamalize kubishana.

Miwani naye baba mkubwa amemhukumu. Anapita kwenye nyumba kumi na moja pamoja na mama wa ng'ombe, na kila mlango anaeleza kwa mdomo, siyo kwa karatasi. Leo wamefanya tatu. Mlango wa kwanza alisema "eeh" mpaka mama wa ng'ombe akamwambia, "Sema, mwanangu, hata ng'ombe wangu angekuwa ameshamaliza." Wateja wawili wamerudi. Ameapa angechagua viboko.

Sasa chupa. Mdogo wangu alinikabidhi kama ulivyomwambia. Alitaka niimwage mbele ya wifi, na usiseme sikutaka. Siku nzima ya Alhamisi nilikaa jikoni nimeishika juu ya sinki. Nilifungua kifuniko, nikanusa. Ilinuka nyumba yake, ile siku aliponiletea akaniwekea mto mgongoni. Nikakifunga.

Nilinunua maziwa kwa mama wa ng'ombe, nikayachemsha, nikayapoza, nikatia kijiko. Mara ya kwanza yalitoka kama uji. Nikatoa kijiko humo, nikarudia, na mara ya pili yaliganda hata ukigeuza bakuli hayaanguki. Ni kitu cha kwanza nimekifanya mwaka huu kikakubali.

Jana nilimpelekea wifi, mtoto nimembeba kifuani. Alipoonja alikaa chini palepale kizingitini, akaweka kiganja mdomoni. Akasema, "Wifi, nisamehe." Nilimjibu, "Wewe sijafika huko. Nikifika nitakuandikia." Miwani aliyekuwa nyuma yangu alikohoa.

Mbegu nimeigawa katika chupa mbili, na kila moja nimeiandika kwa kalamu ya mdogo wangu. Niliyompa wifi ina maandishi 1/2. Ameyasoma, na anajua ya pili iko kwenye friji ya nani.

Mwanao